Je, Wajua? Saa za Rubani

Usiku mmoja, miaka kadhaa iliyopita, tulikuwa abiria zaidi ya mia moja kwenye lango la kupandia ndege, tukisubiri kwenda Mombasa. Ndege ilikuwa imechelewa kwa sababu ya mvua, na ilipofika tukapanga foleni. Badala ya kuitwa tupande, tukamwona kapteni anakuja, kofia mkononi. Mama mmoja mwenye leso begani alisimama mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tuna maziko kesho adhuhuri. Ndege imeharibika?"

"Ndege nzima, mama. Sisi ndio tumekwisha. Saa zetu za kazi zimefika mwisho, sheria hainiruhusu kuirusha. Mtanisamehe."

Watu walipiga kelele, nami nilikuwa miongoni mwao. Tangu usiku ule nimekuwa nikifuatilia mazungumzo ya marubani na waajiri wao, na kila ninapochimba nakuta kitu kilekile. Magazeti huandika habari za mishahara, lakini kinachogawanywa pale mezani ni saa: za kuruka, za kulala, za kungoja, na za uzeeni.

SAA ZENYEWE

Je, wajua kuwa katika mashirika mengi, hasa ya Marekani, rubani hulipwa kwa saa, na saa hiyo huanza kuhesabiwa ndege inapoanza kusogea kutoka kwenye maegesho? Kusoma hali ya hewa, kupiga hesabu ya mafuta, kuizunguka ndege kwa tochi na kukagua matairi, yote hayo hufanyika kabla saa ya malipo haijaanza. Ndege ikikaa saa tatu ikingoja ukungu uondoke, rubani naye anangoja na mita imezimwa. Ndiyo maana vyama vyao hudai kiwango cha saa za uhakika kila mwezi, zinazolipwa hata kama safari zimefutwa.

Je, wajua kuwa rubani wa shirika la Ulaya haruhusiwi kuruka zaidi ya saa 900 katika mwaka wa kalenda, wala zaidi ya saa 100 katika siku 28 zinazofuatana? Anayesikia hivyo huona ni kazi nyepesi. Lakini hizo ni saa za kuruka tu. Saa za kuwa kazini, pamoja na maandalizi na kungoja, zinaweza kufika 190 katika siku hizohizo 28.

Je, wajua kuwa tangu Januari 2014 sheria ya Marekani inamtaka rubani wa ndege za abiria apate mapumziko ya saa 10 kabla ya zamu, na ndani yake nafasi ya kulala saa 8 bila kukatizwa? Kabla ya hapo, mapumziko yangeweza kupungua hadi saa 8 kwa jumla, na humo humo kulikuwa na basi la kwenda hotelini, chakula, kuoga na basi la kurudi.

Je, wajua sheria hiyo ilitoka wapi? Ilitoka makaburini. Tarehe 12 Februari 2009, ndege ya Colgan Air, safari namba 3407, ilianguka karibu na Buffalo, jimbo la New York. Walikufa watu wote 49 waliokuwamo na mtu mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Wachunguzi walisema chanzo ni kapteni kukosea alipopewa onyo kwamba ndege inapoteza mwendo wa kuibeba hewani. Lakini kikao cha uchunguzi kilifichua jambo lililowashtua Wamarekani. Rubani msaidizi, mwanamke wa miaka 24, alikuwa akilipwa takriban dola 16,000 kwa mwaka. Mshahara huo haukutosha kuishi karibu na kituo chake cha kazi, Newark, basi alikuwa akiishi kwa wazazi karibu na Seattle, upande wa pili wa nchi. Usiku wa kuamkia safari ile aliuvuka umbali wote huo ndani ya ndege za mizigo ili awahi zamu. Familia za marehemu hazikukubali jambo hilo lipite hivihivi. Zilikwenda Bungeni mjini Washington tena na tena, mpaka sheria za mapumziko na za uzoefu wa marubani zikabadilishwa. Anayesema mshahara wa rubani haumhusu abiria na aanze kwa kusoma mkasa huu.

Je, wajua kuwa mali kubwa ya rubani inaweza kuwa namba? Katika mashirika mengi kuna orodha ya ukongwe, na kila rubani ana namba yake kulingana na siku aliyoajiriwa. Namba hiyo huamua atarusha ndege gani, atakuwa kapteni lini, na kama Idi au Krismasi ataila nyumbani. Akihamia shirika jingine, hata akiwa na miaka ishirini ya urubani, huanza mkiani. Ndiyo maana rubani hawezi kutikisa mabega na kutafuta kazi kwingine kama afanyavyo mhasibu. Humlazimu kubaki na kubishana.

Je, wajua kuwa kwa kanuni za kimataifa rubani wa ndege za abiria za safari za nje, zenye marubani wawili, hana ruhusa ya kurusha akishatimiza miaka 65? Kabla ya Novemba 2006 kikomo kilikuwa miaka 60. Tena kila mwaka, na kila miezi sita akishavuka 60, hupimwa afya. Moyo ukienda mrama au jicho likififia, leseni inakwenda na kazi inakwenda. Kwa hiyo bima ya kupoteza leseni na akiba ya uzeeni ni mambo yasiyokosekana kwenye orodha ya madai.

MEZANI

Je, wajua kuwa mgomo wa marubani ulizuka hata kabla usafiri wa abiria kwa ndege haujashika mizizi? Ilikuwa Julai 1919, nchini Marekani, na marubani hao walibeba barua. Asubuhi moja uwanja wa Belmont Park, New York, ulifunikwa na ukungu mzito. Ndege za wakati huo zilikuwa na kibanda kilicho wazi, na hazikuwa na vyombo vya kumwonyesha rubani kama yuko sawa au amepinduka. Marubani wawili wakakataa kuruka. Wakuu wa Posta, waliotaka barua ziende liwake jua linyeshe mvua, wakawafukuza. Wenzao wakaweka chini miwani na kofia zao za ngozi. Siku chache baadaye yakapatikana maafikiano yaliyojaa hekima. Pakitokea ubishi kuhusu hali ya hewa, msimamizi wa uwanja atapanda ndege mwenyewe, aende juu akajionee. Ukungu haukupungua, ila amri za kuruka ndani ya ukungu zilipungua, kwa sababu mtoa amri sasa alikuwa na kiti humo.

Je, wajua kuwa chama cha marubani cha ALPA, kikubwa kuliko vyote duniani, kilianzishwa kwa siri? Tarehe 27 Julai 1931 marubani 24 walikutana katika hoteli moja ya Chicago wakiongozwa na Dave Behncke. Siri ilikuwa ya lazima, maana aliyejulikana kuwa mwanachama angeweza kufukuzwa. Kaulimbiu waliyoichagua haikutaja fedha. Ilisema ratiba ya safari iende pamoja na usalama.

Je, wajua kuwa mwaka 1932 tajiri mmoja aliyeitwa E. L. Cord aliwafungia nje marubani wa shirika lake, Century Airlines, walipokataa kupunguziwa mishahara? Chama kichanga cha Behncke kilipeleka kilio chake kwa wabunge, na mmoja wa waliowatetea alikuwa Fiorello La Guardia, ambaye baadaye alikuwa Meya wa New York. Leo uwanja mmoja wa ndege wa jiji hilo unaitwa kwa jina lake.

Je, wajua kuwa Mei 1934 Bodi ya Taifa ya Kazi ya Marekani ilitoa uamuzi unaojulikana kama Uamuzi Namba 83, ulioweka kikomo cha saa 85 za kuruka kwa mwezi? Mashirika yalikuwa yakitaka saa zaidi, kwa sababu ndege mpya zilikwenda kasi. Marubani wakajibu kwamba ndege ya kasi inachukua abiria wengi na kuleta mapato mengi kwa saa ileile, basi na mfanyakazi apate sehemu. Bodi ikachanganya mambo matatu katika malipo yao: mshahara wa msingi, saa na umbali. Mkataba kamili wa kwanza wa chama hicho na shirika la ndege, American Airlines, ulitiwa saini Mei 1939.

Je, wajua kuwa mkataba wa marubani wa Marekani haufi? Tangu 1936 mashirika ya ndege yako chini ya sheria iliyotungwa mwaka 1926 kwa ajili ya reli. Tarehe ya mkataba ikifika, huanza kujadiliwa upya, huku ule wa zamani ukiendelea kutumika hata kwa miaka. Hakuna kugoma mpaka wasuluhishi wa serikali waseme wameshindwa, kisha zipite siku 30 za kupoza hasira. Hata hapo Rais anaweza kuingilia. Februari 1997 marubani wa American Airlines walianza kugoma usiku wa manane, na dakika chache tu baadaye Rais Bill Clinton akausimamisha mgomo.

Je, wajua kuwa Tanzania mapatano ya namna hii yana jina zuri? Huitwa mkataba wa hali bora. Jina hilo halikutaja mshahara. Limetaja hali, na ndani ya hali mnaingia usingizi, likizo, matibabu na heshima.

Je, wajua kuwa nchini Kenya haki ya kugoma imo ndani ya Katiba ya 2010, Kifungu cha 41? Lakini ina ngazi zake. Chama lazima kiwe na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga ndipo mwajiri alazimike kukitambua. Mkataba ukishatiwa saini, husajiliwa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Na mgomo hautangazwi leo ukaanza leo, kwani Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inataka ilani ya maandishi ya siku saba.

Je, wajua kuwa rubani na mwongozaji ndege, ingawa wanazungumza redioni siku nzima, sheria haiwatazami kwa jicho moja? Kenya na Tanzania zote zimeiweka kazi ya kuongoza ndege kwenye orodha ya huduma muhimu ambazo mgomo wake umezuiwa. Anayeongea kutoka mnarani amefungwa, anayemjibu kutoka angani ana haki ya kugoma akifuata taratibu.

Je, wajua kuwa baada ya Korona mizani iligeuka? Mwaka 2020 mashirika yaliwahimiza marubani wengi wastaafu mapema. Abiria waliporudi kwa wingi, marubani hawakutosha. Machi 2023 marubani wa shirika la Delta la Marekani walipitisha mkataba wenye nyongeza ya jumla ya asilimia 34 kwa miaka minne, pamoja na kifungu kinachowahakikishia malipo yaliyo juu ya yale ya American na United kwa angalau asilimia moja. Januari 2024 marubani wa Southwest walipata jumla ya takriban asilimia 50 hadi mwaka 2028. Baadaye mwaka huohuo, wa Air Canada wakapata takriban asilimia 42 kwa miaka minne. Walioambiwa jana kwamba ni mzigo, sasa wakabembelezwa.

MGOMO

Je, wajua kuwa rubani anaweza kugoma bila kukosa kazini hata siku moja? Ndio mgomo baridi. Anafuata kila kanuni neno kwa neno, hakubali zamu ya ziada, hapokei simu siku ya mapumziko. Ratiba iliyokuwa ikisimama kwa hisani ya wafanyakazi huanza kuyumba. Mgomo baridi unapoliangusha shirika, funzo ni kwamba shirika lilikuwa likitegemea saa ambazo halikuzinunua.

Je, wajua kuwa Agosti 1989 marubani wa safari za ndani za Australia walitangaza kwamba wataruka kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi na moja jioni tu, kama watu wa ofisini? Walidai nyongeza ya asilimia 29.47. Waziri Mkuu Bob Hawke alisimama na mashirika, na ndege za jeshi zikaanza kubeba abiria. Waliposhtakiwa mahakamani, marubani zaidi ya 1,600 waliandika barua za kujiuzulu kwa pamoja wakidhani watazibana kampuni. Kampuni zikawaajiri wengine, wakiwemo wageni kutoka nje. Wengi waliojiuzulu hawakurudi kwenye viti vyao tena, na wengine walihamia nchi za mbali kutafuta riziki. Nguvu ya kugoma ni kama mafuta ya ndege. Ukiyamwaga yote kabla ya kuona uwanja, hutui.

Je, wajua kuwa Mei 1985 marubani wa United waligoma siku 29 kwa ajili ya watu ambao wengi wao hawakuwa wameajiriwa bado? Shirika lilitaka marubani wapya walipwe kwa ngazi ya chini kuliko wakongwe, kwa kazi ileile. Wakongwe wangeweza kusaini na kwenda zao, mishahara yao ikiwa salama. Walikataa kwa sababu waliona mbali: wawili watakaa bega kwa bega, mmoja akilipwa sehemu tu ya anacholipwa mwenzake, na siku moja wenye mishahara midogo watakuwa wengi kuliko wao.

Je, wajua kuwa marubani wa British Airways hawakuwahi kugoma mpaka tarehe 9 Septemba 2019? Asilimia 93 ya waliopiga kura waliunga mkono mgomo. Kwa siku mbili karibu safari zote za shirika hilo zilifutwa. Hoja yao ilikuwa fupi: tulikubali kupunjika wakati wa shida, sasa shirika linapata faida, tugawane.

Je, wajua kuwa shirika la ndege la Ryanair, lililokataa vyama vya wafanyakazi kwa zaidi ya miaka 30, liligeuza msimamo wake Desemba 2017, siku chache kabla ya Krismasi, marubani wake katika nchi kadhaa walipotishia kugoma? Na kuwa hadi leo Falme za Kiarabu haziruhusu vyama vya wafanyakazi? Marubani wa Afrika Mashariki waliohamia Ghuba walifuata mshahara mnono, lakini meza ya mapatano waliiacha nyumbani.

KWETU

Je, wajua kuwa Kenya Airways ilizaliwa Januari 1977, baada ya kuvunjika kwa shirika la pamoja la East African Airways lililokuwapo tangu 1946? Mwaka 1996 ikabinafsishwa, KLM ya Uholanzi ikanunua asilimia 26. Ilisifiwa barani kote. Kisha ikaja hasara ya takriban shilingi bilioni 25.7 katika mwaka ulioishia Machi 2015, na bilioni 26.2 mwaka uliofuata. Hasara hizo ziliketi mezani kwenye kila mazungumzo, na mwajiri aliyesema hana kitu hakuwa akidanganya.

Je, wajua kuwa Oktoba 2016 marubani wa shirika hilo, kupitia chama chao cha KALPA, walitoa ilani ya mgomo ambayo hoja yake kuu haikuwa mshahara? Walitaka viongozi wa juu waondoke, wakisema ndio walioliendesha shirika vibaya. Mgomo ulisitishwa, na mwenyekiti wa bodi, Dennis Awori, akampisha Michael Joseph.

Je, wajua kilichogomewa Kenya Airways Novemba 2022? Wengi wetu tulisikia tu kwamba marubani wanaolipwa vizuri wamewatupa watu uwanjani. Na kweli, mgomo ulioanza Jumamosi tarehe 5 uliwakwamisha abiria zaidi ya 10,000. Shirika lilisema litapoteza takriban shilingi milioni 300 kwa siku, na kwamba marubani, takriban 400, ni asilimia 10 tu ya wafanyakazi wake. Dai lao lilikuwa la mambo mawili: mwajiri arudishe mchango wake kwenye mfuko wa akiba ya uzeeni, uliosimamishwa wakati wa Korona, na mishahara iliyoahirishwa ilipwe. Yaani saa walizokwisha kuruka, na miaka ambayo hawataruka tena. Mahakama ilikuwa imeuzuia mgomo kabla haujaanza, nao wakagoma. Hapo walikosea, maana anayedai mkataba uheshimiwe hana budi kuheshimu amri. Tarehe 8 mahakama iliwaamuru warudi kazini kufikia saa kumi na mbili asubuhi ya tarehe 9, na ikamkataza mwajiri kuwaadhibu. Wakarudi.

Hasara ya mwajiri ni ya kweli, na usingizi wa rubani nao ni wa kweli. Panapokosekana meza ya kuviweka vyote viwili, hatimaye vinawekwa mabegani mwa abiria. Ndiyo maana sifurahii mgomo wowote, na sitaki kuona rubani yeyote asiye na haki ya kugoma.

Na yule mama wa leso? Tuliondoka alfajiri. Kapteni alikuwa yuleyule, amenyoa, shati limepigwa pasi, na sauti yake kwenye kipaza sauti haikuwa ile ya usiku. Juu ya Voi tuliingia kwenye mawingu mazito, ndege ikatikisika hadi vikombe vikamwagika, kisha ikatulia. Tulitua saa mbili na robo. Mama alisimama mlangoni mwa ndege mpaka kapteni alipochungulia, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Adhuhuri bado, mwanangu," alimwambia. "Kawia ufike."